Paka mwenye analishwa na kila mutu: namna ya kumupokea nyumbani na kumutafutia veterineri

Ku mangaribi, nyuma ya malewa nyingi za katikati ya muji wa Lubumbashi, paka wanajua saa. Wakati ba mama wanaanza kuosha sahani, paka wanatoka chini ya meza za soko, juu ya ukuta na ndani ya mitaro, wanakuja kungojea vichwa vya samaki. Mama mumoja anatupa kipande, mulinzi wa magazini anaweka maji ndani ya kopo, watoto wanamupatia paka jina. Lakini ukiuliza huyu paka ni wa nani, jibu ni lilelile: « Haiko ya mutu, inaishiaka tu hapa. »

Jibu hilo linaonekana dogo. Siku ile paka anamuuma mutoto, linakuwa neno kubwa. Hakuna mwenye anajua kama paka alishapata chanjo. Hakuna mwenye anaweza kumufunga na kumuangalia siku kumi. Hakuna mwenye anakubali kulipa. Wote walimulisha, lakini siku ya shida hana mwenyewe.

Ndiyo maana ni vizuri kuelewa kwamba kumulisha paka na kumupokea ni mambo mawili. Kumulisha kunamufanya arudie kesho. Kumupokea ni kujua afya yake, kumupatia chanjo, kumuonyesha mahali pa kulala, na kujibu juu yake mbele ya majirani. Kazi hiyo si ya matajiri peke yao. Makuta yanahitajika, ndiyo, lakini watu wengi wanapoteza mengi zaidi kwa sababu walianzia mahali pabaya.

Kwanza, uliza kama hana mwenyewe

Paka anatembea. Anaweza kulala mu lupango moja na kula mu lupango tatu. Mbele ya kusema ni wako, zunguka kwa majirani, uliza mulinzi, uliza watoto wa avenue, juu wao njo wanajua wanyama wote. Ngojea siku mbili tatu. Paka mwenye mwili muzuri, mwenye anakuja mwenyewe kujisugua ku miguu ya watu, mara nyingi ana nyumba mahali fulani.

Angalia pia tabia yake. Paka mwenye alizoea mikono ya watu tangu alipokuwa mudogo sana, katika miezi miwili ya kwanza, anakubali nyumba mbio. Mwenye alikomalia inje bila kuguswa anaweza kubaki muoga maisha yake yote. Huyo wa pili unaweza kumulisha, kumufanyia chanjo na kumuzuia asizae, lakini usimulazimishe kulala ndani pamoja na watoto. Akijisikia amefungiwa, atajitetea kwa meno na kucha.

Mbele ya kumugusa, fikiria raje

Raje, ugonjwa wenye wengine wanaita kichaa cha imbwa, ndiyo sababu ya kwanza ya kutoharakisha. Unaitwa kichaa cha imbwa kwa sababu karibu watu wote wenye wanakufa nao waliumwa na imbwa. Lakini paka pia anaweza kuupata na kuupitisha. Virusi vinakaa ndani ya mate. Vinaingia kwa njia ya meno, kwa mukwaruzo, ao mate yakigusa kidonda ao jicho.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba raje inaua watu karibu 59 000 kila mwaka, wengi wao mu Afrika na Asia. Katika watu wenye wanaumwa na wanyama wenye kushukiwa, karibu 40 juu ya 100 ni watoto wenye hawajafikisha miaka 15. Jambo la kuogopesha ni hili: dalili zikiisha kuonekana ku mutu, karibu hakuna mwenye anapona. Jambo la kutuliza moyo ni hili: mbele ya dalili, kuna dawa yenye inazuia kabisa, kama inatolewa mbio.

Basi, paka akikuuma ao akikukwaruza, usingojee, na usiweke mafuta, majivu wala dawa ya majani. Fungua maji yatiririke, osha kidonda na sabuni kwa muda wa dakika 15 nzima. Dakika 15 ni ndefu; angalia saa. Kisha enda siku ileile ku kituo cha afya, ueleze ni munyama gani, aliuma wapi, na kama anajulikana. Si kila kituo kinakuwa na chanjo ya raje, kwa hiyo uliza mbio wapi inapatikana. Usirudi nyumbani kungojea kuona.

Na paka mwenyewe? Usimuue. Kama anaweza kufungwa bila mutu mwingine kuumwa, afungwe na kuangaliwa siku kumi na munganga wa wanyama. Paka mwenye tayari ana raje ndani ya mate yake ataonyesha dalili ao atakufa katika siku hizo. Akibaki muzima, ni habari njema kwa familia. Akifa, veterineri aitwe. Maabara inapima ubongo, na mutu akimupiga paka ku kichwa mupaka kikavunjika, anaharibu kitu chenye kingeweza kutoa jibu.

Dalili za kuangalia ni paka mwenye alikuwa mupole na sasa anauma bila sababu, mwenye sauti imebadilika, mwenye mate yanatoka mingi, mwenye hawezi kumeza, ao mwenye miguu inalegea. Paka wa namna hiyo usijaribu kumushika wewe mwenyewe. Ondoa watoto, funga mulango, ita mwenye anajua kazi.

Kumushika bila vita

Paka muzima lakini muoga hashikwi kwa kumukimbiza. Muweke chakula mahali pamoja, saa moja, kila siku. Kisha siku tatu ao ine, weka kartoni ya nguvu ao kikapu chenye kifuniko pale pale, chakula ndani. Siku akiingia mwenyewe, funga pole pole. Toboa matundu ya hewa, weka kitambaa chini, na ufunike kartoni na kitambaa kingine, juu paka mwenye haone inje anatulia zaidi.

Usimubebe ndani ya sache ao mufuko wa kufungwa kabisa, hata kama njia ni fupi. Ku moto ao mu taksi-bisi, kartoni inafungwa na kamba vizuri. Paka mwenye anatoroka katikati ya barabara hatarudi.

Ukimufikisha nyumbani, usimuchanganye mara moja na paka wengine ao imbwa. Chumba kidogo, gala ao douche yenye haitumike inatosha kwa wiki mbili za kwanza. Anaweza kuwa na mafua ya paka, minyoo, viroboto ao ugonjwa wa ngozi wenye unaacha viduara bila nywele, na ule wa ngozi unaambukiza watoto pia. Mu mwezi wa sita na wa saba, wakati usiku wa Lubumbashi unakuwa baridi kabisa, muwekee kitambaa kizito. Paka mutoto anaweza kufa kwa baridi mbele ya kufa kwa njaa.

Wapi kumupeleka

Wakaaji wa Lubumbashi wana bahati yenye miji mingi ya inchi haina: Université de Lubumbashi, UNILU, ina Fakilte ya Médecine Vétérinaire, kwenye waganga wa wanyama wanafundishwa. Kwa mutu mwenye hajui pa kuanzia, pale ni mahali pazuri pa kuuliza. Kuna pia waganga wa wanyama wenye wanafanya kazi yao binafsi, na kuna kazi ya serikali yenye inaangalia kilimo, uvuvi na ufugo, yenye iko ku jimbo na ku komini. Huko wanaweza kukuambia nani anajulikana kama veterineri wa kweli.

Jambo hilo ni la lazima, juu ku soko mutu yeyote anaweza kuuza dawa ya wanyama. Muuza dawa ya kuku si munganga wa paka. Uliza bila haya: alisoma wapi, ana kibali gani, ataandika karneti ao hapana.

Uliza bei mbele ya kusafiri, na uombe wakutenganishie: bei ya kumuangalia, bei ya dawa ya minyoo, bei ya chanjo, bei ya operesheni. Uliza kama ni mu franga ao mu dola, na kwa kiwango gani. Ukisema wazi kiasi chenye uko nacho, munganga muzuri atakuonyesha kitu cha kufanya leo na kitu chenye kinaweza kungojea mwezi ujao. Watu wengi hawaendi kwa sababu wanawaza watadaiwa vyote siku moja.

Munganga atafanya nini

Ataanza kuangalia meno, juu meno njo yanaonyesha miaka. Paka mutoto anapata meno ya maziwa katika wiki za kwanza, na meno ya ukubwa yanaanza kuingia kwenye miezi mitatu na nusu mupaka sita. Ataangalia macho, masikio, tumbo, ngozi, na atapima uzito. Bila uzito hakuna dawa, kwa kuwa kila kipimo kinahesabiwa na kilo.

Kisha inakuja dawa ya minyoo. Paka wote wa inje wanahesabiwa kuwa nayo. Paka mutoto anapewa kwa kurudilia kila wiki mbili mupaka anapofika karibu miezi miwili ao mitatu; mukubwa anarudilia kila kisha miezi michache, vile munganga ataandika.

Chanjo ya raje inatolewa kuanzia wiki 12, ni kusema miezi mitatu, na inarudiliwa kisha mwaka mumoja. Kuna chanjo zingine, za tifisi ya paka na za mafua makali, zenye zinaanza kwenye wiki nane na kurudiliwa kisha wiki tatu ao ine. Kama makuta ni kidogo, raje njo inatangulia, kwa sababu inalinda paka na watu wa lupango nzima. Lakini ukumbuke: chanjo haiponyeshe paka mwenye tayari aliambukizwa. Ndiyo maana, hata kisha shindano, unaendelea kumuangalia.

Jambo moja watu hawaulizake: chanjo inakaa wapi? Chanjo inapaswa kubaki mu baridi, kati ya digri 2 na 8. Mu mitaa yenye umeme unakatika-katika, ni haki yako kuuliza frigo inasaidiwa na nini, na kuona tarehe ya mwisho ku kichupa. Munganga wa kweli hatakasirika. Atabandika kikaratasi cha kichupa ndani ya karneti, ataandika tarehe, ataweka sini na tampo.

Kila mwaka, tarehe 28 ya mwezi wa 9, dunia inafanya Siku ya Raje. Ni siku yenye Louis Pasteur, Mufaransa mwenye alitengeneza chanjo ya kwanza ya raje mu 1885, alikufa mu 1895. Karibu na siku hiyo, miji mingi ya dunia inapanga kampeni za chanjo kwa bei ndogo ao bule. Inafaa kuuliza mapema kama kuna kitu kinapangwa mu komini.

Dawa za watu zinaua paka

Hapa njo watu wenye moyo muzuri wanakosea zaidi. Paka ana homa, mama anavunja nusu ya parasetamoli, anamupa ndani ya samaki. Maini ya paka hayana nguvu ya kusafisha hiyo dawa. Inaharibu damu yake, ufizi unakuwa rangi ya udongo ao bluu, uso unavimba, anashindwa kupumua. Kidonge kimoja cha miligrama 500 kinaweza kumuua paka mukubwa. Ibuprofeni na aspirini nazo ni hatari. Kama ameisha kumeza, enda kwa veterineri saa ileile na boite ya dawa mukononi. Kuna dawa ya kumusaidia, lakini saa zinahesabiwa.

Viroboto navyo vina mutego wao. Dawa zingine za imbwa zina permetrini, yenye imbwa anavumilia na paka havumilie. Anaanza kutetemeka, kisha degedege. Petroli ya taa nayo isipakwe ku ngozi. Paka anajilamba mwili muzima, na yote anaimeza.

Sumu ya panya yenye inauzwa ku soko inaua paka kwa njia mbili: akiimeza yenyewe, ao akila panya mwenye aliikula. Ukipokea paka, toa sumu mu lupango na uambie majirani. Hiyo pia ni sababu ya kumupokea waziwazi: jirani mwenye hajui kama paka ni wako hawezi kukuonya kwamba aliweka sumu jana.

Chakula na choo

Bukari peke yake haitoshe. Mwili wa paka unahitaji vitu vyenye vinapatikana mu nyama na samaki tu. Akivikosa kwa muda murefu, macho na moyo vinaharibika. Hakuna lazima ya kununua chakula cha boite chenye kinatoka inje ya inchi. Bukari kidogo pamoja na fretins zenye zilioshwa vizuri ili chumvi ipunguke, vichwa na matumbo ya kuku vyenye vilipikwa, samaki bila mifupa mikali, ni chakula kizuri. Usimupe mchuzi wenye kitunguu ao ai, vinaharibu damu yake. Maziwa ya ng'ombe yanaletea paka wengi kuhara. Maji safi njo kinywaji chake.

Kwa choo, bakuli ya zamani na muchanga inatosha. Toa mavi kila siku. Sababu ni ya afya: paka anaweza kupitisha toksoplasma, mududu mwenye ni hatari kwa mimba. Mavi yake hayaambukize ile saa. Yanahitaji siku moja ao zaidi. Kuyatoa kila siku kunakata njia. Mwanamuke mwenye mimba amuachie mutu mwingine ile kazi, ao avae gan na kunawa. Lakini asimufukuze paka juu ya woga: watu wengi wanaipata kwa kula nyama yenye haikuiva na mboga zenye hazikuoshwa.

Kile kilio cha usiku

Kuna neno lenye linasemwa pole pole mu mitaa mingi: paka mwenye analia usiku kama mutoto ni wa bulozi. Kwa neno hilo, paka wengi wamepigwa mawe, zaidi sana weusi, na familia zenye zilikuwa nao zimeangaliwa vibaya.

Ile sauti ina maana ya kawaida. Paka jike mwenye anatafuta dume analia kwa sauti ndefu, usiku kucha, kwa siku nyingi, na madume wanamujibu na kupigana. Anaweza kuanza mapema sana, hata mbele ya kufikisha miezi sita. Mimba yake inachukua karibu wiki tisa, na anaweza kubeba nyingine wakati watoto wangali wananyonya. Njo vile paka mumoja wa ku ukuta anakuwa paka kumi kisha mwaka.

Operesheni ya kumuzuia asizae inamaliza vyote viwili, kilio na watoto wasio na nyumba. Kwa dume ni fupi na bei yake ni ndogo. Kwa jike, munganga anafungua tumbo, inaomba usingizi wa dawa na siku 10 mupaka 14 za kulinda kidonda mahali pakavu. Dume mwenye alifanyiwa anatembea kidogo, anapigana kidogo, na mukojo wake haunuke sana ku milango ya watu. Kwa amani na majirani, pengine hakuna makuta yenye yanatumika vizuri zaidi kuliko hayo.

Kuwaambia watu wa lupango

Mu Lubumbashi, lupango moja inaweza kuwa na familia tatu ao ine. Paka hapokelewe na mutu mumoja kwa siri. Ongea na bailleur, ongea na ba mama wenye wanaanika samaki inje, na waambie watoto mambo matatu: wasimuvute mukia, wasimuguse wakati anakula, na akiwakwaruza waseme mara moja, hawatapigwa. Mutoto mwenye anaogopa fimbo anaficha kidonda, na kidonda chenye kimefichwa njo chenye kinaua.

Karneti iwekwe mahali penye kila mukubwa wa nyumba anajua, pamoja na namba ya simu ya veterineri. Kama ile siku mubaya inafika, na jirani anakuja na mutoto wake analia, hakutakuwa na magomvi juu ya nani alikuwa anamulisha. Mutoto ataoshwa na sabuni dakika 15 na kupelekwa ku kituo cha afya, karneti itatolewa ili munganga aone tarehe ya chanjo, na paka atafungwa mu chumba chake siku kumi, akiwa na maji yake na chakula chake.